Siku Nilipoachia Usukani wa Gari la Bwana Harusi

Najua mmekwisha kulisikia jambo hili kwa watu wengine, na najua kila anayelisimulia anaongeza paka wawili watatu ili linoge, kwa hiyo leo nisikilizeni mimi mwenyewe niliyekuwa nyuma ya usukani, maana aibu ni yangu na sipendi watu waitie chumvi kuliko iliyokuwa nayo. Paka walikuwa sita. Si kumi na wanane kama asemavyo yule muuza vocha wa stendi, sita tu, na mmoja wao alikuwa mdogo hata hahesabiki.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mwanasiti, lakini Ukunda nzima wananiita Fundi Siti, na hilo neno fundi sikuletewa kwenye sahani. Miaka kumi na sita niko chini ya magari. Nilipoanza, watu walikuwa wakisimama kutazama miguu ya mwanamke iliyotokeza chini ya pikapu, leo hawasimami tena, wanaleta magari. Na kazi yangu hasa, ile ninayojipigia kifua, ni kupanga magurudumu, yaani alaimenti: gari likivuta upande, likila tairi ukingo mmoja, mimi natoa kamba yangu, tepu ya kupimia, na timazi ya marehemu babangu aliyekuwa mwashi (lile dude la chuma linaloning'inia kwenye uzi kuonyesha kama ukuta umesimama wima), na baada ya saa moja au mbili gari linakwenda limenyooka. Mashine sina. Macho ninayo.

Basi mtoto wa kaka yangu, Salim, anayefanya kazi kwenye hoteli moja ya Diani, akanunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao gari la mbio, la viti viwili, jekundu, limelala chini hata ukitaka kuingia ni lazima kwanza utie nia. Akaniletea siku ya Alhamisi, wiki ya harusi yake.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Hili ni gari au ni kiatu?”

“Ni gari, shangazi, ila linanivuta kushoto. Nikilegeza mkono kidogo tu linataka kuingia vichakani. Na Jumamosi ndilo nitakalopanda kwenda kuoa.”

Sasa hapa nataka mnipe haki yangu, maana watu wakisimulia hukimbilia mwisho. Sikukurupuka. Nilipima upepo wa matairi yote manne kwanza. Nikabadilisha matairi ya mbele, la kushoto nikalitia kulia na la kulia kushoto, nikaliendesha, bado likavuta kushoto, nikajua ugonjwa si wa tairi. Nikalipiga jeki, nikayatikisa magurudumu juu chini na huku na huku, hakuna kilicholegea. Lile tairi lililokuwa kushoto lilikuwa limeliwa ukingo wa nje peke yake, kama kandambili ya mtu anayekokota mguu. Nikafunga kamba kutoka nyuma hadi mbele, nikapima, nikaona magurudumu ya mbele hayatazami njia moja, nikazungusha vyuma vya usukani mpaka yakatazamana vizuri na safari. Nusu ya ugonjwa ikaisha hapo hapo, na Salim mwenyewe alipoliendesha akacheka kwa furaha.

Nusu iliyobaki ilikuwa ni ulalo, yaani gurudumu kusimama kombo, kichwa chake kimeegemea nje au ndani. Huo unapimwa kwa kuning'iniza timazi ubavuni mwa gurudumu, na ili timazi iseme kweli ni lazima gari lisimame mahali tambarare kabisa. Na gereji yangu, wenzangu, ni mchanga na mawe ya matumbawe, ukiweka kikombe cha chai chini unakunywa nusu.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kibao changu, kuna kijana wa bara aitwaye Njoroge aliyefungua karakana yenye sakafu inayong'aa na mashine ya alaimenti yenye vioo na taa, inayosoma magurudumu yote manne kama daktari wa macho. Kuvuka barabara ni hatua thelathini. Ningevuka tu, nikasema, kijana, niazime sakafu yako, mambo yangeisha. Lakini saa ile ile wifi yangu Rukia, mamake Salim, alikuwa amefika gerejini na leso yake mpya, amesimama mbali ili asiguse oili.

“Wifi,” akaniambia, “mimi na wewe hatugombani. Lakini harusi ni moja, na msafara wote utakuwa nyuma ya gari hili. Lipeleke kwa mashine. Likiharibika njiani mbele za watu, hilo jina lako la ufundi tutalizika siku hiyo hiyo.”

“Wifi yangu,” nikamjibu, “hiyo mashine imekuja mwaka jana. Mimi nilikuwepo. Gari hili nitalipanga mimi, na Jumamosi nitaliendesha mimi.”

(Nani aliniuliza habari ya kuendesha? Hakuna. Mdomo ulijiendea wenyewe.) Basi mnaona nilivyojifunga. Miaka kumi na sita ya jina langu nikaipandisha ndani ya gari la viti viwili pamoja na bwana harusi.

Sasa nikatafuta mahali tambarare, nikafikiri, nikafikiri, na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulionifikisha hapa: nikakumbuka banda la mnada wa samaki kule kwetu Tiwi. Sakafu ya saruji, pana, laini, na alasiri huwa tupu maana mnada huisha asubuhi. Ijumaa baada ya swala nikalipeleka gari huko, nikaliingiza ndani kwa madaha, na nikamkuta Bi Zuhura, mmoja wa wale mama karanga wanaonunua samaki na kuwakaanga, akiosha sehemu yake kwa ndoo na fagio.

Kwa kuwa gari la mbio ni jepesi, haupimwi ulalo wake likiwa tupu, ni lazima liwe na uzito wa watu litakaowabeba. Mimi mwenyewe ningekuwa chini napima, kwa hiyo nikamwomba Bi Zuhura magunia, akanipa mawili, nikayajaza mchanga wa pwani uliolowa maji, moja nikalikalisha kiti cha dereva na la pili kiti cha bwana harusi. Kwamba magunia yale siku zote yalikuwa yakibebea papa mkavu, sikuyawazia. Mle bandani kila kitu kinanuka samaki, pua haina habari.

Nikalala chini na timazi yangu. Bi Zuhura akasimama na fagio lake.

“Mwanangu Siti, sakafu hii...”

“Bi Zuhura,” nikamkata, kwa adabu lakini nikamkata, “wewe niachie mimi, hii ndiyo kazi yangu.”

Maskini, akamwaga ndoo yake ya mwisho. Maji yakapita chini ya gari kutoka kushoto kwenda kulia, mbio, yakaniingia mgongoni, nikahama, nikaendelea kupima. Timazi ikaniambia gurudumu la kushoto limeegemea ndani, nikashangaa, maana tairi lililoliwa ukingo wa nje lilipaswa kuniambia kinyume chake. Mtu mwenye akili angekaa chini afikirie. Mimi nikajiambia labda ndivyo magari ya mbio yalivyo, yana siri zake. Nikachora alama ya rangi nyeupe kwenye kila bolti kabla ya kuilegeza (hilo silikosi hata siku moja, hata niwe na haraka gani), nikalisukuma gurudumu la kushoto kichwa kitoke nje, la kulia kiingie ndani, mpaka timazi ikaridhika pande zote mbili, kisha nikayatoa magunia.

Njia ya kutoka bandani ni ya mchanga, imechimbwa mifereji miwili na magurudumu ya pikapu za samaki. Nikaachia usukani mle, mikono yote miwili hewani, na gari likaenda limenyooka kama lina reli. Nikapiga kelele peke yangu. Na kweli lilikuwa na reli, maana mifereji ile ingeweza kulinyoosha hata toroli lenye gurudumu moja, lakini furaha ilikuwa imenijaa na mtu mwenye furaha hana macho. Sikufika hata lami. Nyumba ya wifi iko upande ule ule wa kijiji, nikaenda moja kwa moja, nikafuta viti kwa sabuni, nikaliacha uani lipambwe maua.

Jumamosi asubuhi nikafika nimevaa dera la zambarau, nimepaka wanja, na hao paka sita wakawa wamelizunguka gari. Mmoja alikuwa juu ya boneti katikati ya maua, ametulia, anasubiri.

“Wifi, paka hawa wamefuata nini?” Rukia akauliza.

“Gari zuri hupendwa na kila mtu,” nikamwambia.

Salim akatoka na kanzu yake, joho limetariziwa nyuzi za dhahabu, kilemba, kijana kapendeza hata macho yakanilenga machozi. Vigelegele vikapigwa. Nikashika usukani, nyuma yangu gari la wifi, nyuma yake pikapu ya matarumbeta, nyuma yake magari kumi na kitu, na huyo, safari ya Msambweni, ambako shekhe na wakwe walitarajia kutuona kabla ya adhuhuri. Siwafichi, nilijiona. Katika ukoo wetu ni mwanamke gani mwingine aliyewahi kuongoza msafara?

Tulipogusa lami, gari likavuta kushoto.

Halikuvuta kama zamani. Zamani lilikuwa linaomba, sasa lilikuwa linadai. Nikaukaza usukani kulia kwa mikono yote miwili, meno nimeuma, uso nimeutengeneza kwa tabasamu la bwana picha. Kijasho chembamba kikaanza kushuka na wanja. Na jua lilivyozidi kupanda na vioo tumefunga ili vumbi lisiingie kwenye joho, harufu ikaanza kupanda pia.

“Shangazi,” Salim akasema polepole, “kuna kitu humu.”

“Ni maua, mwanangu.”

“Maua ya papa?”

Nikafungua vioo. “Na gari bado linavuta, sivyo?” akauliza, maana aliiona mikono yangu ilivyoukaza usukani. Nikamweleza kwa sauti ya mwalimu kwamba hiyo ni barabara, si gari, barabara zote hujengwa zimeinama kando ili maji ya mvua yateremke yasisimame katikati. Nikayasema hayo kwa kinywa changu mwenyewe, na bado sikuelewa nilichokuwa nikisema.

Tukaingia Ukunda. Pale kwenye matuta karibu na gereji yangu kila mtu hupunguza mwendo, na majirani wote walikuwa wametoka: muuza vocha, wauza matunda, waendesha bodaboda, na Njoroge mwenyewe amesimama mlangoni kwake na kitambaa mkononi. Wanapiga makofi, wanaita, “Fundi Siti! Fundi Siti!” Kichwa kikavimba. Gari la wifi likaja ubavuni mwetu na Rukia akatoa kichwa dirishani.

“Wifi, mbona umeshika usukani kama umeshika mwizi?”

Ningesema nini? Ningecheka tu tukapita. Lakini kibao changu kilikuwa pale kulia, jina langu kwa herufi nyekundu, na watu wote wanatazama.

“Mwizi gani?” nikasema. “Hili linajiendesha. Tazama!” Nikainua mikono yote miwili juu.

Gari halikungoja hata mikono ifike juu. Likageuza pua kushoto, likashuka kwenye lami, likapita baina ya muuza machungwa na muuza miwani bila ya kumgusa mtu (Alhamdulillahi, mwendo ulikuwa wa kobe), nami nikakanyaga breki, ila dera lilikuwa limenasa chini ya kisigino na mguu ukachelewa, likapanda kizingiti kidogo, na likasimama taratibu ndani ya karakana ya Njoroge, juu ya mashine yake ya alaimenti, katikati kabisa, kama gari lililokuwa na miadi.

Kama ingeishia hapo ningeishi. Lakini nyinyi mnajua msafara wa harusi: liendako gari la bwana harusi ndiko kwenyewe, hakuna anayeuliza. Pikapu ya matarumbeta ikakunja kushoto ikaingia uani kwa Njoroge, inapiga kwa nguvu zote. Magari yote yakafuata moja moja, yakajipanga baina ya matairi chakavu. Kina mama wakateremka, wakaona pana uwanja na ngoma ipo, wakaanza kucheza. Nyanya yetu mmoja akaniuliza bibi harusi yuko wapi. Nilitamani ile sakafu inayong'aa ifunguke nishuke mzima mzima.

“Karibu, mathe,” Njoroge akasema (ndivyo vijana wa bara wanavyomwita mama), na kusema kweli alijitahidi asicheke. “Mmekuja na band kabisa!”

Wifi akafika mbio, leso imemdondoka bega moja. Akasimamisha matarumbeta kwa kuinua mkono mmoja tu. Watu wote wa harusi na nusu ya Ukunda wananitazama.

“Mwanasiti,” akasema, jina langu kamili, “niambie ukweli. Mbovu ni gari au ni fundi?”

Gari nililikagua lote kwa mikono yangu. Wakati huo Njoroge alikuwa ameleta ndoo ya maji ya sabuni, anataka kusafisha kile kiti kwa ajili ya harufu, na maji yakamwagika sakafuni. Nikayatazama. Yalitanda kidogo huku na kidogo kule, yakasimama. Hayakwenda popote. Nami nikayaona yale maji mengine ya Bi Zuhura yakikimbia chini ya gari kutoka kushoto kwenda kulia na kunilowesha mgongo, kwa sababu sakafu ya samaki hujengwa imeinama, maji ya damu na magamba yapate kuteremka mferejini! Gari zima lilikuwa limelala upande, timazi ikasema kweli yake, na mimi nikayapinda magurudumu mazima ili yafanane na mteremko.

Nikateremka. “Mbovu ni fundi,” nikasema, na nikaisema kwa sauti ili na wa barabarani wasikie. “Gari nimeliharibu mimi jana, kwa kiburi, na najua hasa nilipolikosesha. Salim, vua joho usije ukalichafua, ukae kwenye kiti. Njoroge, nipe spana na uwashe mashine yako.”

Nikaliingiza dera ndani ya suruali niliyoazimwa pale pale, nikapiga magoti. Alama zangu nyeupe zilikuwa zinaonekana wazi kwenye bolti, nikazirudisha zilipokuwa, kisha Njoroge akanisomea kwenye kioo, nami nikazungusha kidogo kidogo, hadi gurudumu la kushoto na la kulia yakasimama sawa. Mashine ilisoma, lakini mkono ulikuwa wangu. Hatukuchukua hata nusu saa. Kisha Njoroge akainama kwenye kioo chake akakunja uso.

“Eh, mathe, hii kutazamana kwa magurudumu, nani aliifanya?”

“Mimi. Alhamisi. Kwa kamba. Kuna nini tena?”

“Kwa kamba?” Akawageukia watu, akasahau kwamba mimi ni mshindani wake. “Wasee, hii iko sawa kabisa! Hakuna kitu ya kuguza hapa. Mashine yangu haiwezi fanya poa kushinda hii.”

Jamani. Nilikuwa na oili usoni, wanja umefika kidevuni, nanuka papa, nimeaibika mbele ya ukoo na mbele ya mji, na moyo wangu ulijaa fahari. Wifi Rukia aliyasikia maneno yale, najua aliyasikia, maana aliokota leso yake, akanifuta shavu kwa pembe yake (leso mpya, ya harusi), na akasema, “Haya, panda twende, shekhe anasubiri.” Ndivyo anavyoomba radhi na ndivyo anavyosamehe, ukimjua.

Tulifika Msambweni adhuhuri imekwisha swaliwa. Gari lilikwenda limenyooka tangu Ukunda mpaka mlango wa msikiti, na sikuachia usukani hata kujikuna. Shekhe alipokaa mbele ya Salim kufungisha nikahi alinusa mara moja, akanusa mara ya pili, akafupisha hotuba. Waliooana wameoana, na mkwe mmoja tu ndiye aliyeuliza kama bwana harusi ni mvuvi.

Kwa hiyo mimi nimekula yamini, na nyinyi ni mashahidi: sitaamini tena sakafu yoyote kabla sijamwaga glasi ya maji nikaona yanakwenda wapi, na mtu akianza kuniambia jambo kuhusu mahali anapopaosha kila siku, nitafunga mdomo mpaka amalize. Na nikishindwa, nitavuka barabara. Ni hatua thelathini tu, nimezihesabu.

Wateja hawajapungua. Juzi alikuja bwana mmoja kutoka Mkongani na gari lake linavuta kulia, akasimama mbele ya kibao changu, akanitazama juu hadi chini, akaona haya kidogo, kisha akauliza, “Samahani, ni wewe yule fundi aliyempeleka bwana harusi gereji na matarumbeta?”

“Ndiye mimi,” nikamwambia. “Zima injini, nipe ufunguo.”